MAONI YETU: MGENI WA MWAKA ALE TULICHONACHO

Ndugu wanachama na wanakijiji wenzetu wa hapa Makunduchi,

Mwaka umekwisha kogwa, jivu la kibanda limeshapeperushwa na kusi, ila deni la dukani limebaki pale pale. Sasa tusemezane.

Hatuna ugomvi na mambo ya uwanjani. Watu wa Kaskazini na wa Kusini wachapane kwa mabua ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiwatoke, kibanda cha makuti kichomwe, akina mama waimbe na kumtolea kila mtu siri zake (safari hii walitusema hata sisi wa kamati, na walisema kweli). Tunalolilalamikia liko majumbani.

Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba siku ya Mwaka nyumba haikai bila mgeni. Anayepita njiani, hata kama humjui, unamvuta mkono aje ale. Zamani alikuta nini? Wali wa nazi, samaki wa asubuhi ile, labda na kuku wa uani. Akala, akashiba, akaomba dua, akenda zake. Leo bila ya biriani, kreti la soda na nguo mpya kwa kila mtoto, mtu anaona haya kufungua mlango. Na kweli hawafungui! Tulipozunguka baada ya moto kuzimika tulikuta milango imerudishwa saa ya chakula, wenyewe wamo ndani, tunawasikia wanakohoa. Bibi mmoja mjane alitwambia dirishani kuwa ana muhogo mtupu, atamkaribisha nani? Jambo lile limetuuma.

Na hao waliofungua, pesa zilitoka wapi? Daftari la ushirika lipo. Mwezi wa Juni waliokuja kukopa pesa za kamba za mwani walikuwa wengi, lakini kamba mpya pwani hatukuziona. Tumeona kanga mpya na mashati mapya.

Halafu Mwaka haungoji bamvua. Hesabu yake ni siku 365 tu, haina mwaka wa siku 366, basi kila miaka 4 unarudi nyuma siku moja, na mwezi nao unakwenda kwa hesabu yake. Ukiangukia bamvua, mama anayaacha maji mazuri ya kupandia mwani akakaange vitunguu vya biriani, na bamvua jengine ni wiki mbili mbele. Wanaume tunarudi uwanjani na njaa tunauliza chakula; kamba hatukufunga, kitunguu hatukumenya.

Wapo watakaosema wageni wa siku hizi wanatoka mjini na ng'ambo na kamera zao, tuwape muhogo? Ndiyo, tuwape. Biriani wameiacha mjini.

Rai yetu ni hii. Mwakani kila nyumba tano zipike pamoja: mwenye samaki alete samaki, mwenye nazi alete nazi, na yule bibi na muhogo wake awe wa mwanzo kuhesabiwa. Mlango wowote kati ya hiyo mitano mgeni ataingia. Na mkopo wa kamba utolewe kamba zenyewe, siyo pesa. Hili la pili tunajua litapingwa, basi lijadiliwe mkutanoni. La kwanza halingoji mkutano: majina ya nyumba yaandikwe kwa katibu, daftari liko mezani kila siku baada ya Alasiri.