Raha na Karaha za Lugha Mpakani

Anayehama vijiji vya Tororo na kufanya makao mjini Busia hupata raha na karaha kwa pamoja: soko li karibu, lakini honi za malori hazilali, na bei hutajwa kwa shilingi za nchi mbili. Kwetu walimu, raha kubwa ni neno "bodaboda", lililozaliwa mpakani hapa kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria. Mwanafunzi mgeni hulipatanisha ipasavyo: chombo, "bodaboda imeharibika", mwendeshaji, "bodaboda amechelewa". Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo husema "kitu yangu", na wapo walimu wanaomcheka. Sisi tunaona wanakosea. Mwanafunzi hakukosa kanuni. Ameuchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI na kuueneza kwingine. Akichekwa hunyamaza, na aliyenyamaza hasahihishiki. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili; lakini sheria haimtii mtu maneno kinywani. Mwalimu na aanzie kwenye "bodaboda yangu", kisha amfikishe mwanafunzi kwenye "kitu changu".