Ngozi ya Samaki Hailindwi kwa Unga Peke Yake

Ngozi ya samaki si ganda kavu kama wengi wanavyodhani. Juu ya magamba limetanda tabaka jembamba la chembe hai zitoazo ute bila kukoma. Ute huo ndio unaomwezesha sato kumponyoka mvuvi mkononi, lakini kazi yake kubwa ni ulinzi. Hunasa bakteria na kuwaondoa kabla hawajajishikiza, na ndani yake mna kingamwili pamoja na lisozaimu, kimeng’enya kivunjacho kuta za bakteria. Samaki akikwaruzwa na wavu, au akisongamana na wenzake kizimbani, ulinzi huo hutoboka. Hapo ndipo bakteria wa jamii ya Aeromonas huleta vidonda, na viumbe vya Saprolegnia, vinavyofanana na kuvu, huota juu ya jeraha mithili ya pamba.

Kwa muda mrefu wafugaji wa nchi nyingi walikimbilia viuavijasumu. Dawa hizo zikitiwa katika chakula, sehemu yake huingia majini, na bakteria wanaonusurika huzaa kizazi kisichosikia dawa. Usugu huo hauishii bwawani. Waweza kuwafikia hata bakteria wanaomdhuru binadamu. Kwa sababu hiyo wataalamu wamezigeukia probiotiki, yaani vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humfaa kiafya yule anayevipokea.

La kustaajabisha ni kwamba kinachoingia tumboni chaweza kuifaa ngozi. Utumbo na ngozi ya samaki vyote vina ute, na kinga iliyoamshwa upande mmoja yaweza kuonekana upande wa pili. Katika majaribio yaliyofanywa nchini Thailand, sato waliolishwa Lactobacillus plantarum walikutwa na lisozaimu yenye nguvu zaidi katika ute wa ngozi. Mwaka 2009 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu Pediococcus acidilactici itumike katika chakula cha kamba na cha samaki wa jamii ya salmoni.

Hata hivyo, kuongezeka kwa lisozaimu katika maabara si sawa na kupungua kwa vidonda kizimbani. Tena, bakteria wengi wa jamii ya Lactobacillus hufa kwa joto la mashine ya kutengenezea chakula, ilhali wale wa Bacillus hujifungia katika spora zistahimilizo joto. Mfugaji asiyeelezwa tofauti hiyo aweza kununua unga wa bakteria wafu kwa bei ya walio hai. Wala hakuna unga utakaoiponya ngozi inayochomwa kila siku na amonia ya maji machafu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapana budi, basi, kuanza na maji safi, idadi ya samaki inayolingana na nafasi, na uangalifu wakati wa kuvua. Probiotiki zifuate nyuma kama msaidizi. Shule zenye mabwawa zina nafasi njema ya kulipima jambo hili: mabwawa mawili yaliyo sawa kwa maji, idadi na umri wa samaki, tofauti ikiwa chakula tu, na vidonda vihesabiwe kila juma. Mwanafunzi aliyehesabu kwa macho yake hatadanganywa na maandishi ya mfuko.