Madai Matano Kuhusu Ampli Ndogo, na Majibu Yake

Anayetafuta ampli yake ya kwanza mjini Kindu, awe anakaa Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli, hukutana na maneno yale yale kwa wauzaji na kwa marafiki. Mengi hayana ukweli, na yanawapotezea watu fedha za jasho lao. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, inastahili kusikilizwa vizuri nyumbani, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kufika huko. Nayajibu madai hayo moja moja.

Dai la kwanza: wati nyingi ndiyo sauti nzuri

Maboksi mengi yameandikwa wati 1,000 au 2,000, na pembeni herufi PMPO. Namba hiyo haina kipimo kinachokubalika. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Tabia hii ni ya zamani: mwaka 1974 Marekani iliweka kanuni ya kuwabana wauzaji wa ampli za nyumbani wataje nguvu ambayo ampli inaitoa mfululizo, si ya kupepesa jicho.

Usipapatikie namba ya usoni, soma adapta. Ikiwa imeandikwa 24 V na 3 A, zidisha: unapata wati 72. Hizo ndizo zinazoingia, kwa pande zote mbili. Ampli haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayopewa, hata kama juu imeandikwa wati 100 kwa kila upande.

Tena, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika wati mara kumi hivi. Bafle ya desibeli 87, ikipewa wati moja tu, kwa umbali wa mita moja inatosha kuwafanya walio karibu wapaze sauti wanapoongea. NAD 3020, ampli iliyotoka 1978 na kupendwa mno na wanaoanza hi-fi, ilikuwa na wati 20 kwa kila upande. Mwenye ukumbi wa harusi anahitaji nguvu kubwa, hilo ni kweli. Sebule haiihitaji.

Dai la pili: ampli ya kweli lazima iwe nzito

Zamani ilikuwa hivyo. Ampli za daraja AB hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto, kwa hiyo zinahitaji transfoma kubwa na mabati mazito ya kupoozea. Ampli za daraja D hufanya kazi kwa njia nyingine: transista zake huwaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kiasi cha asilimia 90 ya umeme huweza kufika kwenye bafle. Ndiyo maana chipu kama TPA3116D2 ya Texas Instruments inatosha ndani ya kiboksi kinachokaa kiganjani. Miaka ya 2000, kiboksi cha plastiki cha Sonic Impact chenye chipu ya Tripath, kilichotumia betri nane ndogo kama za redio, kiliwashangaza wajuzi wa sauti kwa usafi wake.

Kwetu wepesi una faida nyingine. Mzigo unaoletwa Kindu kwa ndege hulipiwa kwa kilo, na ule wa reli au wa mashua kutoka Ubundu hutikiswa njia nzima. Kiboksi kisichofika kilo moja hufika kwa bei nafuu, na kikiwa kizima.

Lakini si kila kidogo ni kizuri. Kabla ya kulipa, washa bila muziki, fungua sauti hadi mwisho, kisha tega sikio karibu na bafle: mvumo ukiwa mkubwa, acha. Halafu rudisha kitufe sifuri, weka wimbo, na ukizungushe polepole. Pande zote mbili zinatakiwa zianze kuimba pamoja. Mmoja ukitangulia sana, utaisikia kasoro hiyo kila usiku unapopunguza sauti.

Dai la tatu: bila umeme wa uhakika, hi-fi si ya kwetu

Dai hili linaniuma zaidi, kwa sababu linawakatisha tamaa watu ambao tayari wana sola juu ya paa. TPA3116D2 hukubali volti 4.5 hadi 26. Unaweza kuiunga moja kwa moja na betri ya volti 12, bila inverta inayokula umeme wake yenyewe. Kwa volti 12 utapata kama wati 9 kila upande kwenye bafle za omu 8, na kama 18 kwenye za omu 4. Kwa chumba, hizo zinatosha.

Piga hesabu ya matumizi. Tuseme ampli inakula wati 10 kwa saa nne za jioni: ni wati-saa 40. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600, na ukitumia nusu tu ili isife mapema, bado una 300. Muziki hautazima taa.

Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Na kama sola yako ni ya volti 24, usiunge moja kwa moja: wakati wa kuchaji betri hizo hupita volti 28, na chipu hiyo inaweza kuungua. Ampli zenye TPA3255, ambazo zinasifiwa kwa nguvu, hazifai kwa betri ya volti 12; chipu yake huanzia volti 18.

Dai la nne: ampli ikiwa nzuri, bafle yoyote itaimba

Bafle ndiyo inayoamua zaidi unachosikia. Ya desibeli 90 itasikika kwa nguvu kuliko ya 84 kwa wati zile zile. Kuifikia, ile ya 84 inahitaji wati mara nne. Usiunganishe bafle mbili za omu 4 sambamba upande mmoja, kwa kuwa ampli itaona omu 2 na kuchemka.

Kuna pia mazoea ya mafundi ya kuunga waya hasi za bafle zote mbili pamoja ili kuokoa waya. Kwenye ampli nyingi ndogo za daraja D, waya "hasi" nayo inabeba umeme wa sauti. Ukiziunganisha, unaweza kuua ampli siku hiyo hiyo. Peleka waya mbili kamili kwa kila bafle.

Dai la tano: muziki wa simu hauhitaji ampli nzuri

Faili iliyobanwa sana na kupitishwa simu hadi simu imeshapoteza mengi, na hakuna ampli itakayoyarudisha. Hilo halimaanishi simu haifai. Weka faili nzuri, tumia waya badala ya bluetooth pale inapowezekana, na utasikia solo, mi-solo na gitaa la kusindikiza kila moja mahali pake, na besi ikitembea chini yake.

Hukumu yangu ni hii: kwa kuanzia, nunua ampli ndogo ya daraja D inayokubali volti 12 hadi 24, yenye tundu za RCA na wati 20 hadi 50 za kweli inapopewa volti 24. Fedha kubwa ipeleke kwenye bafle. Na usilipe kabla hujaisikia ikiimba wimbo unaoujua vizuri.