Mkao Juu ya Pikipiki: Raha ya Mgongo na Salama ya Familia

Pikipiki imekuwa chombo cha nyumba nyingi katika miji na vijiji vyetu. Baba huitumia kutafutia riziki, mama huipanda kwenda sokoni au kliniki, na watoto hupelekwa madrasa juu yake. Ikiharibika, fundi huitwa siku hiyo hiyo. Lakini baba arudipo jioni akilalamikia kiuno, mabega au ganzi ya vidole, tunamkanda na kumwambia kuwa huo ni uchovu wa kazi. Mara nyingi kinachomuumiza ni mkao, na mkao huohuo humpunguzia uwezo wa kukiongoza chombo. Raha na usalama, katika jambo hili, havitengani.

Mwili wa dereva hukutana na pikipiki mahali patatu: kwenye kiti, kwenye vikanyagio na kwenye usukani. Nafasi iliyopo baina ya sehemu hizo ndiyo huamua mgongo ukaeje na mikono ibebe uzito gani. Pikipiki za mbio zina usukani wa chini na vikanyagio vilivyorudi nyuma. Dereva huinama, na katika mwendo mdogo wa mjini viganja vyake hubeba uzito wa kifua. Zile za cc 125 na 150 zinazotumika kwa bodaboda zimeundwa kwa mkao wa wima. Basi anayeumia juu ya chombo cha namna hii na achunguze kwanza jinsi anavyokaa.

Mkao mwema hauna fumbo. Mgongo unyooke bila kukakamaa, viwiko vipinde kidogo, viganja vishike bila kukaza, na magoti yaliguse tangi pande zote mbili. Magoti hayo yana kazi kubwa. Breki inapofungwa, uzito wa mwili huelekea mbele. Mwenye kujizuia kwa magoti hubaki na mikono huru ya kuongoza. Ambaye magoti yake yamepanuka na mikono imenyooka kama fimbo huuegemea usukani kwa kifua kizima, akashindwa kuugeuza pale anapouhitaji zaidi. Hali kadhalika gurudumu la mbele likiingia shimoni: mikono iliyolegea huumeza mshtuko, na iliyokakamaa huupeleka mabegani na kuuyumbisha usukani.

Yapo pia marekebisho ambayo fundi huyafanya kwa muda mfupi. Usukani waweza kulegezwa na kuzungushwa kidogo ili umfae mwenye mikono mifupi au mirefu. Vishikio vya breki na klachi vielekezwe chini kiasi, ili kiganja na mkono vikae katika mstari mmoja. Shokapu za nyuma katika pikipiki nyingi zina ngazi za kukaza, nazo zafaa kukazwa kwa anayebeba abiria kila siku.

Tukija kwa abiria, hapa ndipo familia zetu zinapohusika moja kwa moja. Uzito wa abiria hukaa karibu na gurudumu la nyuma. Ukizidi, au ukirudi nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupoteza utiifu. Ndiyo maana mishkaki ya watu watatu au wanne ni hatari hata kwa dereva hodari. Abiria mmoja akae karibu na dereva, miguu yote miwili ikiwa kwenye vikanyagio, na katika kona ainame pamoja naye, asijivute upande wa pili.

Wengi wa mama na dada zetu hukaa upande kwa ajili ya stara. Tunaiheshimu nia hiyo, lakini mkao huo humlazimu dereva kusawazisha uzito njia nzima, na breki ya ghafla humkuta abiria hana pa kujizuilia. Suruali pana ndani ya baibui humwezesha mwanamke kukaa kwa kutanua miguu, naye akabaki na stara yake. Nguo ikusanywe na kukaliwa, na ncha za mtandio zifungwe, kwani cheni na spoki hazichagui. Pikipiki nyingi zitokazo India huja na kizuizi cha waya ubavuni mwa gurudumu la nyuma, kilichobuniwa kuzuia sari isinaswe. Kwetu wapo wanaokifungua na kukitupa wakikiona pambo tu. Kisiondolewe; kinazilinda baibui na kanzu vilevile.

Mtoto naye asiketishwe juu ya tangi. Hapo humzuia dereva kugeuza usukani, na breki ikifungwa yeye ndiye wa kwanza kuugonga. Ambaye miguu yake haijafika kwenye vikanyagio hajafikia umri wa kuwa abiria wa pikipiki, ijapokuwa madrasa iko mtaa wa pili.

Tunawausia wazazi walizungumze jambo hili nyumbani, chombo kikiwa kimeegeshwa uani. Kila mmoja apande, aoneshwe pa kuweka miguu na pa kushika, na nguo yake itazamwe inapoangukia. Ni kazi ya dakika chache, na haihitaji kununua chochote.