Mkataba unaisha Juni, sisi tunaanza kulia Julai

NILIKWENDA Choma, wilayani Igunga, kwa msiba wa ndugu. Sikwenda kuandika habari. Lakini ukishajulikana wewe ni mwandishi wa mpira, hata msibani hupumziki. Asubuhi ya siku ya tatu niko kijiweni nakunywa chai, mzee mmoja akanisogelea kwenye benchi.

"Mwandishi, hebu tuambie. Tshabalala ni msaliti au si msaliti?"

Nikajua chai yangu itapoa.

Mzee ni Simba wa damu, mkulima wa pamba na mpunga. Mohamed Hussein alitua Msimbazi mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, akiwa kijana mdogo. Mzee akamfuata kwa redio, baadaye kwa kibanda umiza, mpaka akamwona anavaa kitambaa cha unahodha kwenye timu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane. Miezi michache baada ya fainali ile mkataba ukawa umeisha na mtu yuko Jangwani. "Miaka 11, mwanangu," mzee akasema. "Halafu anahama mtaa tu."

Upande wa pili wa benchi alikuwepo kijana wa bodaboda, Yanga. Wala hakupandisha sauti. "Mzee wangu, mkataba uliisha. Ukiisha umeisha."

Mama muuza maandazi naye akachokoza: na Chama je? Hapo kijiwe kikalipuka. (Kuna mji mwingine unaitwa Choma kule Zambia, nchi ya Clatous Chama. Watani wa kijiweni wanasema jamaa alipaswa kuja kustaafia huku kwetu.) Chama aliingia Simba 2018, akauzwa Berkane, akarudi, akawa mfalme. Mkataba ulipoisha Juni 2024, Julai Mosi tu Yanga wakamtambulisha. Simba hawakuambulia hata shilingi.

Aliyenigusa zaidi lakini ni wa tatu. Alikuwa amevaa jezi ya Tabora United iliyopauka, ile ya kabla timu haijaitwa TRA United. Alisubiri wenzake wapumue, kisha akasema: "Nyie mna bahati, mnamlilia mtu mmoja. Sisi kila Julai tunaanza kuhesabu nani kabaki."

Nimerudi mjini, na sentensi ile bado iko kichwani. Naona tunabishana mwezi usio sahihi, na tunamgombeza mtu asiye sahihi.

Twende kwenye kalenda. Kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake yuko huru kusaini na klabu nyingine. Haongei kwa siri, hatoroki, hakuna usaliti. Mikataba yetu mingi inaisha Juni 30, kwa hiyo ikifika Januari Mosi mchezaji anaweza kukaa meza moja na yeyote anayemtaka. Maana yake ni kwamba dirisha dogo, ambalo kwetu huangukia Desemba na Januari, ndiyo nafasi ya mwisho ya klabu kumuuza au kumwongezea mkataba ikiwa bado ina nguvu. Baada ya hapo anayeshika mpini ni mchezaji.

Sasa niambie, Desemba shabiki gani anauliza mkataba wa beki wake unaisha lini? Desemba tunagombana na refa. Tunataka straika mpya. Julai ndiyo tunaamka, tunakuta mtu kaondoka, tunachoma jezi.

Kama unataka kuona tofauti ya mkataba uliobaki na mkataba ulioisha, kumbuka sakata la Feisal Salum. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga akarudisha Sh112 milioni akiamini amenunua uhuru wake. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Nchi nzima iligawanyika, mpaka Juni 2023 Yanga na Azam walipokaa na kumalizana, akaenda Chamazi. Mchezaji alikuwa hataki tena kuvaa jezi ile, lakini klabu ilikuwa na karatasi hai mkononi, na kwa sababu hiyo ilibidi mtu aje kuiomba. Kwa Chama na Tshabalala, Simba haikuwa na karatasi. Ilibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu hainunui beki wa kushoto.

Mzee wangu wa Choma hakupenda niliposema hivyo. Aliniambia mpira si duka. Namwelewa, na nusu ya moyo wangu iko naye. Shabiki hana mkataba wa mwaka mmoja na timu yake, amefunga ndoa. Anapomwona nahodha anavaa kijani na njano, anaumia kama ndugu. Sitamwambia asiumie. Ninachomwambia ni kwamba hasira yake imepita mlango wa ofisi ya klabu bila kubisha hodi, ikaenda moja kwa moja kwa mchezaji.

Na ofisini kuna nini? Hapa ndipo Tabora inafundisha kuliko Kariakoo.

Wengi tunaikumbuka Agosti 2023. Timu ikiwa bado inaitwa Kitayosce, imepanda Ligi Kuu kwa shangwe, inakwenda Chamazi kucheza na Azam. Ikaingia uwanjani na wachezaji wanane, wengine usajili wao haujakamilika kwa sababu ya kufungiwa na FIFA. Azam wakapiga manne fasta, wawili wakaumia, walipobaki pungufu ya saba refa akamaliza mchezo. Watu walicheka. Mimi nilikuwa bado chuoni, na mwalimu wetu alisema habari ile isiandikwe kwenye kurasa za vichekesho. Timu haikufungwa na Azam siku ile. Ilifungwa na makabati yake yenyewe, makaratasi yasiyoshughulikiwa kwa wakati.

Msimu ule ule ikaponea kwenye mechi za mchujo dhidi ya Biashara United. Halafu tazama, Novemba 7, 2024, timu hiyo hiyo ikamchapa Yanga 3-1 pale pale Chamazi, Offen Chikola akifunga mawili. Siku chache baadaye Yanga wakaachana na kocha Miguel Gamondi. Nyuki wa Tabora waliuma mpaka Jangwani kukavimba. Dirisha kubwa lililofuata, 2025, Chikola akatua wapi? Yanga.

Huyu wa jezi iliyopauka anasema wameibiwa. Mimi nasema klabu yetu ndogo ikishampata mtu wa kumfunga Yanga mabao mawili, siku inayofuata ofisi ipigiwe simu na mashabiki wake: mkataba wake ukoje? Ana muda gani? Ukishangilia mpaka Juni ndipo uulize, umeshachelewa.

Kwa nini klabu hizi hutoa mikataba ya mwaka mmoja? Tusiwaonee viongozi, wana sababu. Klabu ambayo haijui kama msimu ujao itakuwa Ligi Kuu au Championship inaogopa kujifunga miaka mitatu na mshahara. Mchezaji akivunjika goti mwezi wa pili, mshahara unaendelea. Ukishindwa kulipa, kesi inakwenda mbele, na ukifungiwa kusajili unarudi kule kule kwa wachezaji wanane. Kwa hiyo mwaka mmoja unaonekana salama. Ni usalama wa mtu anayepanga chumba kwa mwezi mwezi: halipi kodi nyingi kwa mkupuo, ila mwenye nyumba akipata mpangaji mwingine, vyombo viko nje.

Mchezaji naye hapendi mkataba mrefu, na hili mashabiki wengi hawalijui. Kwetu pesa ya maana mara nyingi iko kwenye usajili, ile anayopewa siku ya kusaini, siyo kwenye mshahara wa mwezi. Akisaini kila mwaka anaikamata kila mwaka. Na akiwa huru, timu mpya haina klabu ya kuilipa, hivyo sehemu ya dau lile anaweza kuidai iingie mfukoni kwake. Wewe ungekuwa na miaka 26, mpira una miaka minane imebaki, mama yuko kijijini, ungefanyaje?

Kwa hiyo hata neno "bure" tulitumie kwa akili. Wenzangu wa Yanga walitamba Chama kaja bure. Alikuwa na miaka 33, kaja na dau lake na mshahara wake, kacheza msimu mmoja kaondoka. Sisemi alikuwa mbaya. Nasema mchezaji huru ana bei, ila bei yake haiandikwi gazetini kwa sababu hakuna klabu ya upande wa pili ya kuitaja.

Ulaya walilipigania hili mahakamani. Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, mkataba wake na RFC Liège ulikuwa umeisha, klabu ikaendelea kudai ada ili imwachie aende Dunkerque ya Ufaransa. Mwaka 1995 mahakama ya Ulaya ikampa haki. Lakini mtu wa Tabora hana haja ya kwenda Ubelgiji kujifunza. Zama za misafara ya kati ya pwani, Tabora na Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira na posho kabla ya kuweka mzigo begani. Safari ikiisha na ujira ukalipwa, alikuwa huru kubeba mzigo wa tajiri mwingine. Posho ikikatwa njiani, mizigo iliwekwa chini. Babu zetu hao hakuna aliyewaita wasaliti kwa sababu ya kubadilisha msafara. Nilipolisema hili kijiweni mzee alicheka akasema, "Umenipiga kwa fimbo ya nyumbani."

Kwa TRA United nina ombi moja, na naliomba kwa sauti kwa sababu sasa timu ina nguvu nyuma yake na kisingizio cha njaa hakitasikika kama zamani. Wachezaji watano au sita wa uti wa mgongo, wapewe miaka miwili au mitatu na kifungu cha bei ya kuuzwa. Mchezaji asiyetaka kuongeza mkataba mpaka Desemba, auzwe Desemba, hata kama anaongoza kwa mabao. Najua shabiki atapiga kelele siku hiyo. Apige. Atanyamaza akiona hela yake imerudi ndani na mtu mwingine kasajiliwa.

Na vijana wanaolelewa hapa mkoani waandikishwe vizuri kwenye mfumo, kila msimu, kila timu waliyopita. Kijana akienda nje kabla ya kumaliza mwaka anaotimiza miaka 23, FIFA ina fidia ya malezi kwa klabu zilizomkuza, inaweza kudaiwa hata kama mkataba wake ulikuwa umeisha. Ila anayelipwa ni yule mwenye kumbukumbu. Timu ya wilayani isiyo na rekodi haitapata kitu, hata kama kijana alijifunza kupiga chenga kwenye uwanja wake wa vumbi.

Narudi kwa yule bodaboda wa Yanga, aliyesema ukiisha umeisha. Aliponipeleka stendi siku ya kuondoka, ndipo nilipojua kwa nini anajua mambo ya mikataba kuliko sisi wote pale kijiweni. Alikuwa winga. Alisaini na timu moja ya madaraja ya chini, jina lake naliacha, mkataba hakupewa nakala. Mshahara haukuja miezi minne. Timu nyingine ilipomtaka, akaambiwa bado ana mkataba, na iliyomtaka ikachoka kusubiri. Msimu ukapita amekaa, na uliofuata akanunua pikipiki kwa mkopo.

Nikamwambia kanuni za FIFA zinampa mchezaji asiyelipwa miezi miwili haki ya kuandika barua, kuwapa siku 15, na wasipolipa anavunja mkataba akiwa na sababu halali. Hakujibu haraka. Alisimamisha pikipiki kivulini, akatoa simu, akanionyesha picha aliyoipiga siku ile ya kusaini. Ni ukurasa wa kwanza tu: jina lake, jina la timu na tarehe ya kuanza. Ukurasa wenye tarehe ya kuisha hakuupiga.

"Huo walibaki nao ofisini," akasema. "Kaka, barua hiyo ningeiandikaje?"

Basi langu likapiga honi. Namba yake ninayo, na nimemwahidi kuuliza kama bado kuna njia.