Matete yanayoelea, maji ya Ruvu na ule wimbo wa "hatuna hela"

Wadau, leo sina stori za boom kuchelewa wala foleni ya kafeteria. Leo nimekuja na ugomvi.

Juzi hapa kampasi tulikuwa tunabishana kuhusu majitaka. Jamaa mmoja akatoa hukumu: bila mtambo wa mabilioni hakuna kusafisha maji Kibaha wala Kisarawe, kwa hiyo tusubiri hela. Wenzake wakatikisa vichwa. Mimi nasema hizo ni porojo, tena za hatari, maana huku tunasubiri hela, maji tunaendelea kuyanywa.

Tukumbushane kwanza. Mto Ruvu unatoka milima ya Uluguru. Kabla haujafika Mlandizi unapokea Ngerengere, ambao umeshapita Morogoro mjini na kubeba uchafu wa mji na viwanda. Pale Mlandizi, Kibaha, mtambo wa Ruvu Juu unavuta maji ya kunywa. Tangu mradi wa Kibamba–Kisarawe uzinduliwe Juni 2020, maji hayo yanapanda mpaka Kisarawe. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka hadi DAWASA ikatangaza mgao. Sasa fikirini: maji yakipungua na uchafu ukabaki uleule, si unazidi kuwa mzito?

Ndipo ninapoingiza matete yanayoelea. Unatengeneza chelezo cha mianzi, maboya na nyavu, unapanda matete au mafunjo juu yake, unakifunga kamba kwenye bwawa. Mizizi inaning'inia majini. Kwenye mizizi wanaota bakteria wanaokula uchafu, matope yananasa na kuzama, na mmea unanyonya nitrojeni na fosforasi, yaani ile mbolea inayofanya bwawa liwe uji wa kijani. Kina kikipanda au kikishuka, chelezo kinapanda na kushuka nacho. Vifaranga vya samaki wanapata maficho chini, ndege wanapata kiota juu.

Msiniambie hiyo ni ndoto ya Wazungu. Kampala, maji machafu ya jiji yamepita miaka mingi kwenye kinamasi cha Nakivubo, ambako mafunjo yanaelea yenyewe bila kutengenezewa chelezo, kabla ya kuingia Ziwa Victoria kwenye ghuba ileile inakovutwa maji ya kunywa, pale Ggaba. Mwaka 1999 wataalamu walikadiria kazi hiyo ya bure kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Wakubwa na wadogo wakakivamia kwa majengo na magimbi, na gharama ya kusafisha maji ikapanda. Na hapa kwetu Mlimani, akina Profesa Jamidu Katima na Profesa Karoli Njau walianza tangu miaka ya 1990 kutafiti mabwawa ya majitaka na matete yaliyopandwa kwenye kokoto. Elimu ya mmea na majitaka tunayo, iko kwenye shelfu zetu.

Kuna watakaoruka: "Si ndiyo magugumaji yaliyotesa Ziwa Victoria?" Hapana bwana. Magugumaji ni mgeni kutoka Amerika Kusini, anaelea anakotaka na kuzaana ovyo. Matete na mafunjo ni wenyeji, na hapa yamefungwa kamba. "Na mbu je?" Swali zuri. Mbu wanapenda maji yaliyotuama na yaliyoachwa bila mtu. Fuga samaki, ondoa takataka, na ukibaki na wasiwasi, Kibaha hapohapo kuna kiwanda cha dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu kilichozinduliwa mwaka 2015. Mnataka jirani wa karibu kuliko huyo?

Lakini nina ugomvi pia na upande wangu, wale wanaotaka vyelezo vya kupigia picha. Ukikiweka Ruvu yenyewe, mafuriko ya masika yatakisomba mpaka baharini. Kwenye bwawa la majitaka usifunike uso wote, kwa sababu jua na hewa ndivyo vinavyoua vijidudu humo. Na lazima mtu alipwe kukata majani na kuyatoa. Yakiozea humohumo, mbolea yote inarudi majini. Sumu za metali za viwandani ndiyo kabisa, usitegemee tete limalize kazi hiyo. Metali izuiwe getini kwa mwenye kiwanda, ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka awe na kibali cha kutiririsha.

Vilevile chelezo kisigeuzwe ruhusa ya kuua kinamasi cha asili. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kisarawe, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi unaolinda chanzo cha Msimbazi umeliwa na mkaa miaka na miaka. Pale dawa ni kuacha miti isimame. Ukikata msitu halafu ukapanda matete kwenye mianzi, umeuza ng'ombe ukanunua kikombe cha maziwa.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Halmashauri ya Kibaha na ya Kisarawe, kila moja ichague bwawa moja la majitaka au lambo moja lililochafuka. Wanafunzi wa uhandisi waende field pale badala ya kutafutiwa mihuri tu. Maji yapimwe yanapoingia na yanapotoka, mwaka mzima, kiangazi na masika, na majibu yabandikwe ofisi ya kata kila mtu asome. Yakionyesha haifai, tutavunja chelezo na mianzi tutapikia. Ila tusiambiwe tena "hatuna hela" na watu ambao hata ndoo moja ya maji hawajapima.

Nakimbilia lekcha ya saa nane. Mwenye kubisha abishe, ila aje na hoja.