Nasaha Kabla ya Barua ya Kuachishwa Kazi

Katika ofisi, maduka na shule zetu hapa Tabora umeenea ugonjwa mmoja usiosemwa. Msimamizi humwona mfanyakazi wake anazorota, naye hunyamaza. Mwezi wa kwanza hununa, mwezi wa pili humsengenya kwa wenzake, na mwezi wa tatu humfokea mbele ya wateja au humkabidhi barua ya kumwachisha kazi. Nasema bila ya kificho: ukimya wa namna hiyo si huruma wala si subira. Ni kukwepa wajibu.

Mji wetu ulistahiki kulijua jambo hili kuliko miji mingine. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita hapa Unyanyembe ikitoka Ujiji kuelekea Bagamoyo. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, chini ya viongozi walioitwa wanyampara. Na hadi leo msimamizi wa vibarua tunamwita nyapara. Viongozi wa misafara walilazimika kukaa shauri na watu wao, kwani mpagazi aliyeonewa aliweza kuutua mzigo na kutoroka usiku. Tena mpagazi anayebaki nyuma huenda ana kidonda mguuni, huenda mzigo umemzidi, au huenda ni mvivu. Dawa ya mambo hayo matatu si moja, na fimbo haiwezi kukwambia ni lipi kati yake.

Serikali nayo ililitambua hilo. Zamani mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri iliyojazwa na mkuu wake. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, ambao mkuu na mtumishi hukubaliana malengo kisha hukaa pamoja kuyapitia. Hata hivyo, wengi waliigeuza fomu ile kuwa desturi ya kujaza karatasi tu, na mwaka 2023 ukaanza kutumika mfumo wa kielektroniki badala yake. Funzo liko wazi: si karatasi wala kompyuta iwezayo kuzungumza kwa niaba ya mkuu asiyetaka kuzungumza.

Na sheria haikunyamaza. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri achunguze sababu ya udhaifu, atoe maelekezo, na ampe mfanyakazi muda wa kutosha wa kujirekebisha. Kabla ya kumwachisha ni lazima amwite kikaoni, na mfanyakazi ana haki ya kufuatana na mwenzake au mwakilishi wa chama. Mwajiri anayeyapuuza hayo asishangae kuitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Basi mazungumzo hayo yaweje? Kwanza, yawe ya faragha na ya mapema. Pili, yataje jambo lenyewe, si tabia ya mtu. “Wewe ni mzembe” ni tusi. “Hesabu za wiki mbili hazijafika” ni habari inayoweza kujibiwa. Tatu, uliza kisha usikilize. Nne, mwagane kwa ahadi: lipi litarekebishwa, kwa msaada gani, na lini mtakutana tena.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilikuwa nikichelewa vipindi vya asubuhi. Mwalimu mkuu aliniita baada ya wanafunzi kuondoka, akanionyesha daftari: siku sita katika mwezi mmoja. Kisha akauliza, “Kulikoni, mwalimu?” Nikamweleza kuwa nilikuwa nikimuuguza mama. Akanibadilishia kipindi, akanipa mwezi mmoja, na baada ya mwezi akaniita tena kama alivyoahidi. Sikuchelewa tena. Lau angenikemea mbele ya wanafunzi, ningeondoka na kinyongo, na sababu asingeijua kamwe.

Waliosoma Kiarabu wanafahamu kuwa miongoni mwa maana za asili ya neno nasaha ni kushona nguo. Mshonaji hulitazama tundu kwa karibu, wala hajifanyi halipo. Lakini pia haipasui nguo ili kuonyesha kuwa imetoboka. Enyi mliopewa dhamana juu ya watu, shikeni sindano mapema, kabla tundu halijawa pengo.